Vinara wa Milango ya Mito: Kutoka Kafubu Hadi Banana

Mvua ikinyesha Lubumbashi, maji ya mitaro ya Katuba, Kamalondo na Kenya (Kenya ni komini yetu hapa mjini, si nchi ya Nairobi) hayapotei ardhini. Yanaingia katika mto Lubumbashi, yanapita karibu na mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba, yanamwagika katika Kafubu. Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaingia Ziwa Mweru, ziwa linatoa Luvua, Luvua inakutana na Lualaba pale Ankoro, na Lualaba ndiyo hiyohiyo inayoitwa Kongo ikishafika Kisangani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 3,000 hadi Banana, kwenye Atlantiki. Njiani maji hayo yanavuka ikweta mara mbili, jambo ambalo hakuna mto mwingine mkubwa duniani unaolifanya.

Wanaopenda kushindanisha mito hutazama urefu. Wanapima, wanabishana kuhusu chanzo, wanapima tena. Mimi naona mambo makubwa zaidi yanatokea mwishoni, pale mto unapoingia katika maji mapana kuliko wenyewe. Hapo mwendo unapungua ghafla. Mchanga mzito unaanguka kwanza, tope jepesi linasafiri mbali zaidi. Kama maji yanayoupokea mto ni ya chumvi, chembe za tope zinashikana na kuzama. Maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, yanatandaa juu, na ya chumvi yanajipenyeza chini yake kuelekea bara. Kama ni ziwa, maji ya mto yaliyo baridi au mazito kwa tope yanaweza kupiga mbizi na kutambaa sakafuni. Kwa sababu hizo mlango mmoja unajenga nchi mpya, mwingine unachimba shimo, na mwingine unalisha mji mzima.

Orodha ifuatayo haikupangwa kwa ukubwa. Inafuata njia ya maji yetu, na wageni wanaotushinda wamepewa nafasi yao katikati.

Mgongo mmoja, bahari mbili

Mpaka wa Kongo na Zambia upande wa Katanga unafuata mgongo wa ardhi unaotenga maji ya mto Kongo na maji ya Zambezi. Tone likianguka upande wetu linakwenda Atlantiki. Likianguka upande wa pili linaingia Kafue, kisha Zambezi, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Mgongo wenyewe hautishi hata kidogo. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na msafiri anayekwenda Kasumbalesa, mpakani, hatambui kwamba amefika pahali ambapo bahari mbili zinagawana mvua.

Kosa la kukisia mlango katika nchi hii limegharimu maisha. David Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na vinamasi vya Bangweulu, akiamini kwamba Lualaba ni mwanzo wa Naili na kwamba maji yake yanatokea Misri. Waliomaliza ubishi huo ni watu wa msafara wa Henry Morton Stanley. Wengi wao walikuwa Waungwana wa Unguja na wa pwani, wasemaji wa Kiswahili, na kipande cha njia kupita Nyangwe walisindikizwa na mfanyabiashara Tippu Tip. Waliufuata mto mpaka Boma, wakafika tarehe 9 Agosti 1877. Zaidi ya nusu ya walioanza safari hawakufika. Katika vitabu jibu lina jina la mtu mmoja, lakini miguu iliyolileta ilikuwa ya mamia.

Mlango uliolisha Lubumbashi

Kwa kipimo cha dunia, mlango wa Luapula katika Ziwa Mweru si lolote. Ziwa lina eneo la kama kilomita za mraba 5,000, na pale penye kina kirefu hapazidi mita 30. Mto wenyewe hauingii kwa kishindo: unatawanyika katika mafunjo, visiwa vya matete na vidimbwi, hata mgeni hawezi kuonyesha kwa kidole mto unakwisha wapi na ziwa linaanzia wapi. Lakini nikiulizwa ni mlango gani wa mto uliotia chakula kingi zaidi katika sahani za Lubumbashi, sitafuti mwingine.

Wazee wa Luapula wanasimulia kwamba maji haya yalitolewa zawadi. Nkuba, bwana wa Washila, wavuvi wa ziwa, alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo akaenda kwa mfalme Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimletea Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa vikawa chini ya mfalme mpya. Ukitaka kujua thamani ya vidimbwi vile, angalia kwamba katika simulizi hiyo chungu cha maji kina uzito sawa na kikapu cha udongo.

Kilichofanya maji hayo yawe mali ni samaki anayeitwa mpumbu. Alikuwa akikaa ziwani, na mvua zilipoanza alijazana mlangoni kisha akapanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Wavuvi walijua majira yake kama mkulima anavyojua majira ya mahindi. Mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulipoanzishwa mwaka 1910, na viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière vikaanza kukusanya maelfu ya wafanyakazi, samaki wa Luapula akawa mboga ya bukari (ugali) yao. Kasenga, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini, ikawa bandari ya samaki. Wagiriki waliofika huko wakaleta mashua za injini, barafu na malori, wakanunua kwa wavuvi wa pande zote mbili za mto, na kwa miongo kadhaa biashara ya samaki wa Katanga ilikuwa mikononi mwao.

Soko lilikuwa na njaa kuliko mto. Migodi ilikuwa Katanga na migodi ilikuwa upande wa Zambia ya leo, na kote huko watu walitaka samaki. Nyavu zikatandazwa palepale ambapo mpumbu alilazimika kupita, na wakati uleule ambapo tumbo lake lilikuwa limejaa mayai. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 makundi yale makubwa yalikuwa yamekwisha. Ni moja ya mifano ya wazi kabisa ya uvuvi wa maji matamu ulioanguka katika Afrika, na umaarufu wake unatokana na jambo moja: mlangoni ndipo samaki anapokuwa rahisi kuvuliwa, na ndipo anapokuwa rahisi kumalizwa.

Siku hizi anayetawala Mweru ni chisense, samaki asiyezidi kidole, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani. Nenda soko la Kenya utamwona amelundikwa katika vikapu. Mtamu, ndiyo. Lakini ziwa lililokuwa likitoa samaki wa kujaza sahani sasa linatoa samaki wa kujaza kijiko, na mimi sioni sababu ya kulisifu badiliko hilo.

Maji yanatoka ziwani Pweto, kwa jina la Luvua, na kuanzia hapo yanateremka kwa haraka hadi Ankoro.

Ziwa refu kuliko yote, na milango yake yenye historia

Sasa tunatoka kidogo katika njia ya Kafubu, maana haiwezekani kuandika habari za rekodi katika upande huu wa Kongo na kuliruka Tanganyika. Ni ziwa la maji matamu lililo refu kuliko yote duniani, kilomita 673 hivi. Ni la pili kwa kina, mita 1,470, nyuma ya Baikal ya Urusi. Linahifadhi kama moja ya sita ya maji matamu yote yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu. Na maji yake, kupitia Lukuga, yanakutana na yetu katika Lualaba.

Mto mzee kuliko ziwa lenyewe upo Tanzania, na mlango wake uko kusini ya Kigoma. Ni Malagarasi. Kabla bonde la ufa halijazama, mto huu ulikuwa ukielekea magharibi na kujiunga na mito ya Kongo. Ardhi ilipopasuka, mamilioni ya miaka iliyopita, ziwa lilijaa katikati na kuukata mto vipande viwili. Malagarasi ikabaki na mlango ambao haikuwa nao. Ushahidi uko ndani ya maji: katika mto huo wanaishi samaki ambao ndugu zao ni wa Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Rusizi, kaskazini, ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwaka 1858 walitaka sana mto huo uwe unatoka ziwani, maana hapo wangekuwa wamepata chanzo cha Naili. Wenyeji wakawaambia waziwazi kwamba unaingia. Habari haikuwapendeza. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka kwenye delta wakaona kwa macho: Rusizi inaingia. Jibu lilikuwa limeshatolewa na watu wa ziwani, bure, tena kwa adabu. Naipa Rusizi tuzo ya mlango uliotazamwa kwa ukaidi mkubwa zaidi.

Lukuga, pale Kalemie, ni kinyume chake: ziwa linaingia mto. Ni njia pekee ya Tanganyika ya kutoa maji, na haina msimamo. Verney Lovett Cameron aliiona mwaka 1874 ikiwa imezibwa na majani na tope. Stanley alipita 1876, maji yakiwa karibu hayatembei. Kisha, karibu na mwaka 1878, ziwa likabomoa kizuizi. Mmisionari Edward Hore alipofika 1879 alikuta mkondo wenye nguvu, na katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ulishuka karibu mita 10, pwani ya Ujiji ikaachwa mbali na maji. Siku hizi hofu imegeuka upande wa pili. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia katika mitaa ya Kalemie, Uvira na Bujumbura, na watu walihama nyumba ambazo babu zao walijenga mahali pakavu.

Kwenye Lukuga hiyohiyo iliishia safari ya ajabu kuliko zote zilizowahi kupita katika stesheni ya treni ya Lubumbashi. Julai 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, mashua mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilifika Elisabethville juu ya mabehewa, zikitokea Cape Town. Kamanda wao aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Reli ilikwisha Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa na matrekta ya mvuke, ng'ombe na mamia ya watu kuvuka milima ya Mitumba, zikapanda tena treni, zikateremka Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, zikapanda treni nyingine, na mwezi wa kumi zikafika ziwani. Tarehe 26 Desemba waliteka meli ya kwanza ya Wajerumani. Mashua za bahari zikawa zimekatiza katikati ya bara, na sehemu ngumu zaidi ya njia ilikuwa kwetu Katanga, kwa jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Wajerumani nao walikuwa na hadithi ya milango miwili. Manowari yao Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania, mpaka ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ikaokolewa, na mmoja ulisafirishwa hadi Kigoma ukafungwa katika meli Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani wakikimbia Kigoma, mafundi waliizamisha Goetzen kwa makusudi karibu na mlango wa Malagarasi, baada ya kuzipaka injini grisi nzito. Grisi ilifanya kazi yake. Meli ikaibuliwa, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikabeba abiria, dagaa na mananasi kwa vizazi kadhaa. Sifahamu mzinga mwingine uliotolewa katika mlango wa mto mmoja ukafungwa katika meli iliyokuja kulazwa kwenye mlango wa mto mwingine.

Wageni wanaotushinda

Kwa wingi wa maji, bingwa ni Amazon. Inamwaga baharini zaidi ya meta za ujazo 200,000 kila sekunde, kama moja ya tano ya maji yote ambayo mito ya dunia inazipelekea bahari. Kongo ni ya pili, na inashika nafasi hiyo kwa kama 41,000 tu, kwa hiyo tusijidanganye kwamba tunakaribia. Mwaka 1500 nahodha Mhispania Vicente Yáñez Pinzón alichota maji akiwa bado hajaiona nchi kavu, akakuta yananyweka, akaiita bahari ile tamu.

Kwa upana, Río de la Plata, kati ya Uruguay na Argentina: kama kilomita 220 kutoka ukingo hadi ukingo pale inapoiacha bara. Kwa urefu wa hori linaloingia nchi kavu, Ob ya Siberia, karibu kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya mwaka limefunikwa na barafu. Kwa delta, hakuna anayeikaribia ile ya Ganges na Brahmaputra, Bangladesh na India, yenye kama kilomita za mraba 100,000 na msitu wa mikoko wa Sundarbans. Kwa wimbi la maji kujaa linalopanda mto kinyumenyume, Qiantang ya China, ambako ukuta wa maji unaweza kufikia mita 9 na watu hukusanyika kuutazama kila mwaka, ingawa wengine wamewahi kusombwa. Kwa kuhamahama, Huang He, pia ya China: mwaka 1855 iliacha mlango wake wa kusini mwa rasi ya Shandong ikafungua mwingine kaskazini, mamia ya kilomita mbali.

Afrika Mashariki nayo haina cha kuonea aibu. Rufiji, ukiacha mizinga, ina msitu wa mikoko ulioungana ulio mkubwa kuliko wote katika pwani hiyo, zaidi ya hekta 50,000. Omo ya Ethiopia inalipa Ziwa Turkana karibu maji yake yote, na Turkana ni ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote yaliyo jangwani. Mto Sabaki hugeuza bahari ya Malindi kuwa rangi ya udongo kila masika, na wenye hoteli hawafurahi.

Kisha kuna Okavango, ambao haufiki popote. Unatoka Angola, unaingia Botswana, unatandaa katika mchanga wa Kalahari na kukauka. Mto usio na bahari umepata heshima ambayo wenye bahari hawana: mwaka 2014 delta yake iliandikwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia wa 1,000.

Banana, mlango usiojenga

Turudi katika maji yetu, ambayo sasa yamepita Kisangani, Mbandaka na Kinshasa. Baada ya Kinshasa yanaanguka kwa maporomoko mfululizo hadi Matadi, na katika kipande hicho, mwaka 2008, watafiti wa Marekani walipima kina cha zaidi ya mita 220. Hakuna mto mwingine duniani uliowahi kupimwa kina kama hicho. Gizani huko chini anaishi samaki mweupe asiyeona, Lamprologus lethops.

Kutoka Matadi mto unatulia, unapita Boma, unapanuka katika visiwa na mikoko ambayo tangu 1992 ni hifadhi ya taifa yenye nguva. Unaingia Atlantiki kati ya Banana upande wetu na Soyo upande wa Angola, mahali ambapo Mreno Diogo Cão alisimamisha nguzo ya mawe mwaka 1482. Mlango una upana wa kama kilomita 10. Maji yake matamu yanaonekana juu ya bahari hadi umbali wa kilomita 800. Kwa kuwa bonde la Kongo lina mvua pande zote mbili za ikweta, upande mmoja ukikauka mwingine unajaa, na mto haupungui sana mwaka mzima.

Mto mkubwa namna hii ungetakiwa uwe na delta kubwa. Haupo hata mfano wake. Mahali ambapo Naili imejenga nchi ya kulima na Ganges imejenga nchi ya watu zaidi ya milioni mia, Kongo haijajenga kitu. Tope lake liko wapi?

Liko shimoni. Korongo la chini ya bahari linaanzia ndani ya mto wenyewe, kama kilomita 30 kabla ya kufika mlangoni. Linakata ukingo wa bara, kuta zake zinafikia urefu wa mita 1,100 pale lilipo na kina zaidi, kisha linaendelea kama mfereji hadi sakafu ya Atlantiki. Mito mingine mikubwa ilikuwa na makorongo ya namna hiyo zamani, bahari ilipokuwa chini, lakini bahari ilipopanda mito ikatengana nayo. Kongo haikutengana. Mpaka leo mdomo wake unamwaga moja kwa moja katika shimo hilo. Mchanga unakusanyika kwenye kingo za korongo, unangoja, na siku moja unaporomoka.

Waliolijua kwanza ni watu wa telegrafu. Mwaka 1886 waya ulipokuwa unapelekwa Luanda, J. Y. Buchanan alipima kina nje ya mlango akagundua lile korongo. Waya ulilazwa, ukakatika, ukaunganishwa, ukakatika tena, na hali iliendelea hivyo kwa miongo.

Rekodi yenyewe iliwekwa Januari 2020. Mwishoni mwa 2019 mto ulifurika kuliko kawaida. Wiki mbili baadaye, maji ya bahari yakiwa katika bamvua, mzigo wa mlangoni uliachia. Watafiti wa Uingereza na wenzao, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Durham, walikuwa wametega vyombo vyao katika korongo miezi michache kabla. Vyombo vikang'olewa, vikaibuka na kuelea, na muda ambao kila kimoja kiling'oka ukaonyesha mwendo. Mkondo wa mchanga na tope ulianza tarehe 14 Januari, ukasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa siku mbili, na badala ya kuchoka ukazidi kuongeza kasi, kutoka mita 5.2 kwa sekunde hadi mita 8. Ni mkondo wa namna hiyo uliosafiri mbali kuliko wote uliowahi kupimwa duniani. Kwa makadirio ya watafiti hao, ulichimba na kubeba zaidi ya tani bilioni moja, na huenda karibu moja ya tano, au zaidi, ya mzigo ambao mito yote ya dunia inaipelekea bahari kwa mwaka mzima.

Juu ya maji hakuna aliyeona kitu. Wavuvi wa Banana waliendelea na kazi. Waliohisi ni watu wa mjini, kuanzia Nigeria hadi Afrika Kusini, wakati intaneti ilipolegea: kebo mbili za baharini, SAT-3 na WACS, zilikuwa zimekatwa. Machi mwaka uleule WACS ikakatika tena, dunia ikianza kujifungia majumbani kwa ajili ya korona. Agosti 2023 zote mbili zikakatika kwa mara nyingine, na meli ya ukarabati Léon Thévenin ikalazimika kutoka Cape Town kuja kuzitafuta ncha zake.

Ndiyo maana, nikiambiwa nichague kinara mmoja kwa jumla, siichagui Amazon. Amazon ni kubwa na kila mtu anaiona. Kongo imefanya jambo gumu zaidi: imechukua udongo wa nusu ya Afrika ya Kati, pamoja na vumbi la Katuba, na kuupeleka chini ya kina cha mita 4,000 bila kuacha hata shamba moja la kulima mlangoni.

Kinara wa mwisho si mto, ni nchi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na pwani ya kama kilomita 37. Hakuna taifa lingine lenye bahari ambalo pwani yake ni ndogo hivyo ukilinganisha na ukubwa wa nchi. Ujenzi wa bandari ya kina kirefu Banana ulizinduliwa tarehe 31 Januari 2022, kando ya mlango ambao una kina kirefu kuliko mahitaji ya meli yoyote, na ambao ulishajulikana kwa mabaharia miaka 540 kabla ya hapo.

Siku hizi maji ya Lubumbashi yanatoka kwa mlango huo, lakini karibu shaba yake yote haitoki. Shaba inapanda lori, inapanga foleni Kasumbalesa, inakwenda Dar es Salaam, Durban, Beira au Walvis Bay, na tangu miaka hii michache kiasi fulani kinapanda treni kwenda Lobito, Angola.